Sura ya Tano: Kujificha Ndani ya Sare

Filamu nyingi zinazosimulia mauaji ya Wayahudi wa Ulaya humweka Myahudi mahali tunapotarajia kumkuta: nyuma ya seng'enge, ndani ya behewa la mizigo, darini, handakini. Europa Europa, iliyoongozwa na Agnieszka Holland na kutoka mwaka 1990, inamweka darasani, amevaa sare ya Vijana wa Hitler, huku mwalimu akiwafundisha wenzake namna ya kumtambua Myahudi. Mwalimu anamwita mbele. Anampima kichwa kwa vyombo vyake, anamkagua rangi ya macho na ya nywele, kisha anawatangazia wanafunzi kwamba kijana huyu, ingawa hafikii usafi wa damu ya watu wa kaskazini, ni Mwarya halisi wa jamii ya Baltiki ya Mashariki. Kijana anarudi kwenye kiti chake akiwa hoi kwa hofu. Jina lake la kweli ni Solomon Perel, mtoto wa muuza viatu, Myahudi kwa baba na kwa mama.

Kisa hiki hakikutungwa. Perel aliyapitia mambo haya, akayanyamazia kwa takriban miaka 40, kisha akaandika kumbukumbu zake, na Holland akazigeuza kuwa filamu. Nitaifuata filamu na kumfuata mtu mwenyewe kwa pamoja, kwa sababu pale wanapoachana ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema: kujificha kwa namna hii hakukomi siku vita inapokoma.

Perel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1925 katika mji mdogo wa Peine, kaskazini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wametoka mashariki, wakafungua duka la viatu, na watoto wao wakakua wakizungumza Kijerumani kama watoto wengine wa mtaa. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Solomon hakuwa amefikisha miaka minane. Miaka miwili baadaye Sheria za Nuremberg ziliwavua Wayahudi uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani. Mtoto akafukuzwa shule, duka likaharibiwa, na familia ikahamia Łódź, Poland, walikokuwa na jamaa. Septemba 1939 Wajerumani wakawafuata huko huko.

Kabla Wayahudi wa Łódź hawajafungiwa ndani ya geto, baba na mama waliamua kuwatoa vijana wao wawili, Isaac na Solomon. Waliwaelekeza mashariki, kwenye ile nusu ya Poland iliyokuwa imechukuliwa na Umoja wa Kisovyeti. Solomon alikuwa na miaka 14. Katika kuagana, baba alimwambia asisahau kamwe kwamba yeye ni Myahudi. Mama alimwambia aishi. Wosia wa baba na wosia wa mama vilitolewa nyumba moja na saa moja, na kwa miaka mitano iliyofuata kijana huyu hakuweza kutii mmoja bila kuuvunja mwingine.

Ndugu hao wawili walipotezana njiani. Solomon aliishia Grodno, kwenye kituo cha yatima cha Wasovyeti, ambako alifundishwa Kirusi na kuaminishwa kwamba dini ni ulevi wa wanyonge. Holland ameliweka hili katika tukio moja lisilosahaulika. Mwalimu anawaambia watoto wamwombe Mungu awape peremende. Wanaomba, hakishuki kitu. Anawaambia wamwombe Stalin, na peremende zinamwagika kutoka darini. Watoto wanacheka na kugombania. Tazama vizuri sura ya Solomon hapo, maana Holland hakuliweka tukio hili kwa ajili ya kuchekesha: mtoto aliyeachwa peke yake ataufungua moyo wake kwa yeyote anayempa chakula, blanketi na wimbo wa kuimba pamoja na wenzake. Wakomunisti walimpata hivyo. Wanazi nao watampata kwa njia ileile.

Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani iliuvamia Umoja wa Kisovyeti. Kituo kilihamishwa kwa haraka, watoto wakatawanyika barabarani, na karibu na Minsk Solomon alijikuta kwenye foleni ya watu waliozingirwa na wanajeshi wa Kijerumani. Wayahudi na makomisaa wa Kikomunisti walikuwa wakitengwa na kupelekwa msituni, na milio ya risasi ilisikika kutoka huko. Alizifukia hati zake ardhini. Zamu yake ilipofika, mwanajeshi alimuuliza kama ni Myahudi. Alijibu kwa Kijerumani safi cha nyumbani kwao kwamba yeye si Myahudi, ni Mjerumani wa damu aliyezaliwa nje ya Ujerumani.

Mwanajeshi aliamini. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini, na jibu ninaloliona ni kwamba walimhitaji. Walikuwa na maelfu ya mateka wanaozungumza lugha wasiyoielewa, na hapa amesimama kijana mwenye Kijerumani, Kirusi na Kipolandi. Wakamchukua kuwa mkalimani katika kikosi cha Divisheni ya 12 ya vifaru. Alijiita Josef, na askari wakamfupishia jina kuwa Jupp. Wakampa sare ndogo iliyomtosha, wakamfanya mtoto wao wa kikosi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwepo kama mkalimani hata wakati wa kumhoji Yakov Dzhugashvili, mtoto wa Stalin, aliyekamatwa Julai 1941. Kijana wa Kiyahudi wa miaka 16 akasimama kati ya majeshi ya Hitler na mtoto wa Stalin, akitafsiri. Mwandishi wa riwaya angeogopa kulibuni jambo kama hilo.

Ulimi ulikuwa umemwokoa. Mwili ulitaka kumwua kila siku.

Kwa msomaji wa pwani yetu, au wa mahali popote ambapo jando ni sehemu ya kukua, hili linahitaji kuelezwa. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa hamshangazi mtu. Katika Ulaya ya miaka ya 1940 Wakristo karibu wote hawakuwa wametahiriwa. Tohara ilikuwa ya Wayahudi na Waislamu, na kwa kuwa sehemu nyingi za Ulaya Waislamu walikuwa wachache sana, kushusha suruali kulitosha kumpeleka mtu kaburini. Waislamu wenyewe hawakusalimika. Katika miezi ya kwanza ya vita ya mashariki, vikosi vya mauaji vya SS viliwapiga risasi mateka Waislamu wa jeshi la Kisovyeti, wakiwemo Watatari na watu wa Kaukazi na Asia ya Kati, kwa kuwa tohara yao iliwafanya wadhaniwe Wayahudi, mpaka Berlin ilipotuma maagizo ya kuonya juu ya kosa hilo. Wapo pia mateka wa Kiyahudi waliojiita Watatari na wakaponea hapo.

Ndiyo maana Europa Europa inaanza na tohara ya mtoto mchanga, na msimulizi anadai kwamba anaikumbuka. Kutoka hapo hadi mwisho, hofu yote ya filamu inakaa kwenye mambo ambayo mtu wa kawaida hayafikirii: kuoga, kwenda haja, kulala chumba kimoja na wenzako, kupimwa na daktari, kupendwa na msichana. Jupp anaoga peke yake usiku. Anadai ana maumivu ya jino ili aukwepe ukaguzi wa daktari, na jino zima linang'olewa bila ganzi. Anajaribu kuivuta ngozi iliyobaki kwa uzi ili ifunike pale palipokatwa, na jambo hilo Perel alilifanya kweli, akaishia kupata uvimbe na maumivu makali huku akishindwa kumwambia mtu. Filamu inalionyesha hili bila kuona haya na bila dhihaka. Nimewasikia watazamaji wakilalamika kwamba linakera. Ni kweli linakera. Mtoto anayejitesa kwenye choo kwa sababu dola kubwa limeapa kumwua kwa alama aliyotiwa akiwa na umri wa siku nane hawezi kuonyeshwa kwa namna ya kupendeza.

Siku moja siri ilifichuka. Mwanajeshi mmoja, ambaye katika filamu anaitwa Robert na kabla ya vita alikuwa mwigizaji, anamvizia bafuni kwa tamaa. Anapomwona utupu wake anaelewa, na kijana anangojea kufa. Robert hamchongei. Naye ana siri yake, maana Wanazi waliwapeleka makambini wanaume waliopenda wanaume, na tangu saa hiyo kila mmoja anaishika roho ya mwenzake mkononi. Anageuka kuwa rafiki pekee ambaye Solomon anaweza kuwa Solomon mbele yake. Kisha anauawa vitani, na kijana anabaki tena bila mtu hata mmoja duniani anayejua jina lake.

Katika filamu, Jupp anajaribu kuvuka kwenda upande wa Wasovyeti. Anakimbia darajani akiwa amenyoosha mikono, na kikosi chake, kikidhani anaongoza shambulizi, kinamfuata na kuwashinda maadui. Anatunukiwa. Nahodha anataka kumfanya mtoto wake wa kulea, na kwa kuwa bado ni mdogo, anapelekwa nyuma kusoma.

Shule aliyopelekwa Perel ilikuwa ya bweni, ya Vijana wa Hitler, mjini Braunschweig. Mwanafunzi yeyote wa jiografia akifungua ramani ataona kwamba Braunschweig ni kama kilomita 25 tu kutoka Peine. Kijana alitembea nchi na nchi akikimbia kifo, kikamrudisha mlangoni kwao. Mpita njia yeyote kutoka Peine, mwalimu wa zamani, mteja wa duka la viatu, angeweza kumkodolea macho na kuuliza kama huyu si yule mtoto wa Perel. Tangu 1942 hadi miezi ya mwisho ya vita aliishi hivyo, akila, akisoma, akipiga kwata na kuimba nyimbo ambazo maneno yake yalitaka damu ya mama yake.

Hapa ndipo Holland anapoonyesha ujasiri wake. Mwongozaji mwoga angetuonyesha Myahudi mwerevu anayewacheka Wanazi kimoyomoyo kila siku. Angetufariji. Holland anatuonyesha kijana anayefurahi. Marco Hofschneider, aliyeigiza nafasi hiyo, ana uso wa mtoto anayetaka kupendwa, na uso huo unang'aa anaposifiwa, anapovishwa sare mpya, anaposhinda mashindano ya kuogelea akiwa na silaha na nguo zote mwilini. Perel mwenyewe hakulificha hili. Alieleza kwamba ili aokoke ilimbidi Jupp awe wa kweli, na Jupp alipokuwa wa kweli alianza kuamini. Mchana aliyasikiliza masomo ya ubora wa damu ya Kijerumani na sehemu ya moyo wake ikakubali. Usiku, peke yake, Solomon alirudi.

Kuna wanaolisoma hili kama usaliti, nami napingana nao waziwazi. Mtu mzima anaweza kuigiza kwa miezi michache. Mtoto wa miaka 17 aliyezungukwa mchana na usiku, asiye na mzazi, asiye na rafiki wa kumnong'oneza ukweli, hana nafsi ya akiba ya kuweka kabatini. Anayo moja tu, na ndiyo inayovaa sare. Tukitaka kumlaumu mtu kwa yaliyomwingia Solomon kichwani, tuwalaumu watu wazima waliomfundisha darasani.

Leni, msichana anayeigizwa na Julie Delpy, ndiye jaribio kubwa zaidi. Anampenda Jupp na anamchukia Myahudi, na kumbe ni mtu yuleyule. Kila mara wanapokaribiana, kijana anajizuia, na Leni anadhani hapendwi. Siku Leni anaposema kwamba akimpata Myahudi atamkata koo, Jupp anamzaba kofi, na mapenzi yanafikia ukingoni. Baadaye mama yake Leni, mwanamke aliyechoka na vita na kelele za bintiye, anamuuliza kijana kwa upole kama kweli ni Mjerumani. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Solomon anasema kwa kinywa chake kwamba yeye ni Myahudi, anamlilia, naye anaahidi kutosema. Hakusema.

Kati ya yote, tukio ninalolihesabu kuwa moyo wa filamu ni lile la tramu. Łódź ilikuwa imebadilishwa jina na Wajerumani kuwa Litzmannstadt. Geto lililofungwa mwaka 1940 lilikuwa na Wayahudi wapatao 160,000, na njia kuu ilipita katikati yake, tramu za Wajerumani zikipita zimefungwa milango huku wakazi wa geto wakivuka juu kwa madaraja ya mbao. Mwishoni mwa 1943, wakati wa likizo ya Krismasi, Perel alisafiri hadi huko akiwa na sare yake na akapanda tramu hiyo, akaenda na kurudi, siku baada ya siku, akitafuta sura ya baba na ya mama dirishani. Katika filamu vioo vimepakwa rangi, na anakwangua tundu dogo la kuchungulia. Anachokiona ni maiti kwenye mikokoteni na watu walio mifupa mitupu. Anaona mwanamke anayemdhania mama yake. Kilichowatenganisha kilikuwa ubao na kioo cha tramu, na kama angeita, wangekufa wote wawili.

Hakuwaona tena. Baba yake alikufa kwa njaa getoni. Mama yake aliuawa mwaka 1944 huko Chełmno, ambako Wanazi walikuwa wakiwaua watu kwa moshi wa gesi ndani ya magari yaliyofungwa. Dada yake Bertha naye hakuufikia mwisho wa vita. Kaka zake, Isaac na David, walinusurika.

Perel hakuwa peke yake katika njia hii, ingawa ni wachache walioingia ndani ya tumbo la adui kama yeye. Edith Hahn, mwanafunzi wa sheria wa Kiyahudi kutoka Vienna, alichukua hati za rafiki yake Mkristo, akahamia Ujerumani kwa jina hilo na kuolewa na mwanachama wa chama cha Nazi aliyeujua ukweli wake. Alipojifungua mwaka 1944 alikataa dawa za kupunguza maumivu, akihofia kwamba akilewa dawa atatamka jina lake la kweli mbele ya wakunga. Mjini Berlin, Wayahudi wapatao 1,700 walinusurika kwa kujificha hadi vita ikaisha. Poland ilikuwa ngumu kupita kiasi: tangu Oktoba 1941 Myahudi aliyekutwa nje ya geto aliuawa, na aliyemhifadhi pia, na mitaani walikuwepo watu waliofanya biashara ya kuwatambua waliojificha na kuwatoza fedha kwa kunyamaza. Waliojificha walikariri sala za Kikatoliki, walijifunza lini mtu hupiga magoti na lini husimama kanisani, walipaka nywele rangi. Walionywa hata juu ya macho yao, kwamba huzuni iliyomo ingewasaliti. Wanawake walikuwa na nafuu moja tu, kwamba miili yao haikuwa na alama.

Si bahati tupu kwamba ni Holland aliyeifanya filamu hii. Alizaliwa Warsaw mwaka 1948. Baba yake, Henryk Holland, alikuwa Myahudi, mwandishi wa habari na Mkomunisti, aliyekufa mwaka 1961 kwa kuanguka dirishani wakati maofisa wa usalama wakipekua nyumba yake. Mama yake, Irena Rybczyńska, alikuwa Mkatoliki aliyepigana katika maasi ya Warsaw ya 1944 na kutunukiwa na Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya mauaji hayo, kwa kuwasaidia Wayahudi. Holland alisomea filamu Prague, akafungwa jela huko baada ya mageuzi ya nchi hiyo kuzimwa na vifaru vya Kisovyeti, na sheria ya kijeshi ilipotangazwa Poland Desemba 1981, alikuwa nje na akabaki uhamishoni Ufaransa. Mtu aliyekulia kati ya dini mbili, na kati ya itikadi iliyoahidi haki na polisi waliompekua baba yake, hahitaji kufundishwa kwamba nafsi ya mtu inaweza kuvutwa pande mbili. Mmoja wa watayarishaji wake, Artur Brauner, alizaliwa Łódź, akanusurika Holokosti iliyoteketeza ndugu na jamaa zake 49, kisha akaenda kuanzisha kampuni yake ya filamu Berlin, katikati ya watu waliowaua.

Filamu ilipokewa vizuri Marekani na mwaka 1992 ikashinda tuzo ya Golden Globe ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Ujerumani ilikuwa na nafasi ya kuipeleka kushindania Oscar. Kamati yake ya uteuzi ilikataa, kwa hoja kwamba haikuwa ya Kijerumani vya kutosha, na mwaka huo haikupeleka filamu yoyote. Filamu ambayo sehemu kubwa yake inazungumzwa kwa Kijerumani, mwigizaji mkuu ni Mjerumani, mtayarishaji alikuwa na kampuni Berlin, na kisa chake kimetokea Peine na Braunschweig! Waongozaji maarufu wa Ujerumani, wakiwemo Volker Schlöndorff na Wolfgang Petersen, walitoa barua ya kulaani uamuzi huo. Oscar iliyobaki ilikuwa ya uandishi: Holland aliteuliwa kwa muswada wake, akashindwa na The Silence of the Lambs. Ninaamini kilichowaudhi wanakamati kilikuwa ndani ya filamu yenyewe. Watu walikuwa wamezoea kuwaona Wanazi kama mashetani wa mbali. Holland aliwaonyesha wakiwa walimu wapole, marafiki wa bweni na wasichana wazuri, yaani babu zao, mama zao na shangazi zao.

Nina malalamiko mawili dhidi ya filamu hii ninayoipenda. La kwanza ni dogo. Holland anamuua dada yake Solomon mapema, katika ghasia za Novemba 1938 nchini Ujerumani, ilhali familia ya kweli ilikuwa imeshahamia Poland kabla ya hapo. Naelewa kwa nini: mtazamaji alihitaji kuuona mkasa kwa jicho lake kabla safari haijaanza. Lakini kifo cha kweli cha Bertha, kilichokuja vita ikikaribia kwisha, kina uchungu wa aina nyingine, na kingeacha swali zito zaidi kwa ndugu aliyekuwa salama Braunschweig.

La pili ni kubwa. Katika filamu, Solomon anajisalimisha, Wasovyeti hawamwamini, na mfungwa wa kambi ya mateso anapewa bastola ampige risasi. Mfungwa mwingine aliyevaa nguo za mistari anamtambua: ni Isaac. Ndugu wawili wanakumbatiana, kisha wanasimama wakikojoa hadharani mvuani, bila kuogopa mtu. Ni picha nzuri, na kwa mtu aliyejificha kwa miaka mingi kila aendapo haja, ni uhuru kamili. Halafu Perel halisi, mzee, anatokea kando ya maji nchini Israel akiimba zaburi, na msimulizi anatuambia kwamba aliamua kuwa Myahudi na kwamba aliwatahiri wanawe bila kusita sana. Filamu inatuaga kana kwamba Jupp amezikwa.

Hakuzikwa. Katika maisha ya kweli Perel alikamatwa na Wamarekani Aprili 1945, akaachiliwa, akamtafuta Isaac aliyekuwa ametoka kambi ya Dachau na kumpata. Mwaka 1948 alikwenda Israel, akapigana katika vita vya mwaka huo, akaoa, akapata watoto wawili wa kiume, akafungua kiwanda cha zipu. Kwa miaka mingi hakusimulia. Miongoni mwa majirani zake walikuwemo watu waliotoka Auschwitz, wenye namba mikononi, na yeye alikuwa amekula mezani na wauaji. Alihisi hana haki ya kujiita mnusurika. Ugonjwa wa moyo katika miaka ya 1980 ndio uliomsukuma kuandika. Na katika mahojiano mengi hadi uzeeni alisema jambo ambalo filamu haikuthubutu kulisema: kwamba yule kijana wa Hitler bado alikuwa ndani yake, kwamba Solomon na Jupp waliishi pamoja, na wakati mwingine Jupp alitangulia kujibu. Mafundisho yale ya miaka ya ujana hayakufutika kwa kushindwa kwa Ujerumani.

Watu milioni sita waliuawa. Katika hesabu hiyo Perel anaandikwa upande wa waliopona, na ndivyo inavyostahili, maana mama alimwambia aishi na aliishi. Lakini dola lile lilikuwa limemchukua kwa njia nyingine, na alitumia nusu ya pili ya maisha yake kujichukua tena, mbele ya watu. Kwa miongo kadhaa alizunguka shule za Ujerumani akizungumza na wanafunzi. Hakuwaambia kwamba wana hatia. Aliwaeleza jinsi kijana mwerevu, anayependwa na kusifiwa, anavyoweza kufundishwa kuwachukia wazazi wake mwenyewe, na akawaomba wawe macho. Alifariki tarehe 2 Februari 2023 nyumbani kwake Givatayim, Israel, akiwa na miaka 97.

Europa Europa ina utupu na ukatili, haiwafai watoto wadogo. Ila mwalimu wa historia wa sekondari, au mzazi mwenye kijana wa miaka 16 au 17, atafute nafasi aitazame naye mwanzo hadi mwisho. Ukiifikia ile sehemu ya darasani, simamisha kidogo, mwulize kijana wako angemwamini mwalimu yule au la, na umpe muda wa kujibu kwa kweli.